Msaada na Kamba Yake: Kifungu cha Helms na Kanuni ya Kufunga Midomo, 1973–2025

Mwezi Desemba 1973, wakati nchi changa zilipokuwa zinahangaika na bei mpya ya mafuta, Bunge la Marekani lilipitisha marekebisho ya Sheria yake ya Misaada ya Nchi za Nje ya 1961. Miongoni mwa vifungu vilivyoongezwa kilikuwamo kimoja kifupi sana. Kilisema kwamba fedha za msaada wa Marekani zisitumike kulipia utoaji wa mimba kama njia ya uzazi wa majira, wala kumshawishi au kumlazimisha mtu yeyote kutoa mimba. Aliyekileta ni Jesse Helms, Seneta wa North Carolina, ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza mwaka mmoja katika Baraza la Seneti.

Katika mafunzo yetu ya siasa tumezoea kuuchambua ubeberu kwa mambo makubwa: riba za madeni, bei ya pamba na kahawa, masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Hayo ni sawa. Lakini mambo makubwa wakati mwingine hutuficha jinsi kamba ya msaada inavyofanya kazi siku hata siku. Kifungu cha Helms, na kanuni zilizokifuata, ni mfano mzuri wa kujifunzia kwa sababu kamba yake inaonekana wazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Upande mmoja umefungwa katika ugomvi wa Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Upande wa pili umefungwa katika meza ya muuguzi wa Nairobi, Maseru au Maputo.

Tuseme mapema ili tusieleweke vibaya. Hatuandiki hapa kuamua kama kutoa mimba ni haki au ni dhambi. Wanachama wetu wana dini mbalimbali, na sheria ya nchi yetu kuhusu jambo hili inajulikana. Sheria hiyo nayo ina ukoo wake, maana vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni ya Adhabu tulivirithi kwa Mwingereza, naye alivitoa katika sheria yake ya 1861. Swali letu ni la kisiasa: nani anaamua? Na anayeamua anajibu kwa nani?

Kwanza lazima tukumbuke kwamba Marekani haikuingia katika habari za uzazi wa watu wengine kwa nia ya kuwazuia wasitoe mimba. Iliingia kwa nia ya kuwapunguza. Tangu miaka ya 1960 wakubwa wa Washington walikwisha jiaminisha kwamba umaskini wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini unatokana na wingi wa watoto, si na unyonyaji. Mwaka 1967 Bunge lao lilitenga dola milioni 35 za msaada kwa ajili ya uzazi wa majira peke yake. Shirika lao la misaada, USAID, lilikuwa na idara nzima ya idadi ya watu chini ya daktari mmoja aitwaye Reimert Ravenholt, mtu mwenye bidii isiyo na breki, ambaye aliamini kwamba tatizo ni kufikisha vidonge na mipira kila kijiji na mengine yatajipanga. Idara hiyo hiyo iligharimia utengenezaji wa kifaa kidogo cha mkono cha kufyonza mfuko wa uzazi, kisichohitaji umeme, kwa makusudi ya kukieneza katika hospitali za nchi changa.

Ndipo tarehe 22 Januari 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa hukumu katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, kwamba katiba ya nchi hiyo inalinda haki ya mwanamke kutoa mimba. Waliopinga hukumu hiyo walikuwa wengi na walikuwa na hasira ya kweli. Hatuna sababu ya kuidharau. Lakini angalia walichofanya. Kumzuia mwanamke wa Marekani hawakuweza, maana mahakama ilikwisha sema. Wakatafuta mahali ambapo ushindi ni rahisi, wakaupata katika muswada wa misaada. Mwanamke wa Dhaka hapigi kura North Carolina. Hawezi kumwandikia mbunge wake barua, hawezi kwenda mahakamani, hana mtu wa kumsemea katika ukumbi ule. Kwa hiyo jambo ambalo mwaka ule lilikuwa haki ya katiba kwa Mmarekani likawa mwiko kwa fedha za Mmarekani zilizovuka bahari.

Na tusidhani kwamba ni sisi tu tulioliona hilo. USAID yenyewe ilikipinga kifungu cha Helms kabla hakijapita, ikieleza kwamba baada ya enzi ya ukoloni kupita, sharti la namna hii litaonekana kuwa na sura ya kibeberu. Maneno hayo yalitoka kwa wakala wa serikali ya Marekani, si kwa mwandishi wa gazeti la Chama. Hawakusikilizwa. Kile kifaa cha mkono kikakosa mwenyewe, na shirika jipya la hiari liitwalo Ipas likaanzishwa mwaka huo huo wa 1973 ili kukitengeneza na kukisambaza bila fedha za serikali. Makao yake yalikuwa North Carolina, jimbo la Helms mwenyewe. Historia ina mizaha yake.

Mwaka uliofuata ulizidi kuonyesha mkanganyiko huu. Agosti 1974 mataifa yalikutana Bucharest katika Mkutano wa Dunia wa Idadi ya Watu. Marekani ilitaka kila nchi ijiwekee shabaha ya kupunguza uzazi. Nchi za Dunia ya Tatu zilikataa, zikasema kwamba tatizo si wingi wa watu bali mpango wa uchumi wa dunia unaowafukarisha, na kwamba mtu akipata maendeleo atapanga uzazi wake mwenyewe. Desemba mwaka huo huo ofisi ya Henry Kissinger ilimaliza waraka wa siri, ambao ulifunguliwa kwa umma mwaka 1989, ukizitaja nchi 13 ambazo ongezeko la watu wake lilihesabiwa kuwa linagusa usalama wa Marekani. Ethiopia, Nigeria na Misri zimo. Waraka huo ulikiri pia kwamba hakuna nchi iliyowahi kupunguza kasi ya uzazi bila utoaji wa mimba kuwapo. Basi mkono mmoja uliandika kwamba watu hawa wapungue, na mkono wa pili ukaandika njia ambayo fedha zetu zisiiguse. Anayetafuta katika mikono hii miwili matakwa ya mwanamke mwenyewe hatayaona.

Kwa muda wa miaka 10 kifungu cha Helms kilikuwa ni sharti juu ya fedha za Marekani tu. Ulikuwa unaweza kuchukua dola kwa ajili ya vidonge, ukatumia shilingi zako au fedha za Wasweden kwa kazi nyingine. Vifungu vingine viliongezwa pembeni: mwaka 1981 fedha hizo zilikatazwa kutumika katika utafiti wa tiba unaohusu utoaji mimba, na aliyekileta kifungu hicho ni Seneta kijana wa Delaware, Joseph Biden. Jina hilo tutalikuta tena.

Mabadiliko makubwa yalikuja Agosti 1984, katika mkutano wa pili wa idadi ya watu uliofanyika jiji la Mexico. Serikali ya Ronald Reagan ilimtuma James Buckley kuongoza ujumbe wake, naye akawaambia wajumbe mambo yaliyo kinyume kabisa na yale ya Bucharest. Ongezeko la watu, ghafla, halikuwa tena tatizo kubwa. Dawa ni soko huria. Na pamoja na hayo likatangazwa sharti jipya. Tangu sasa shirika lolote la hiari lisilo la Marekani, likitaka fedha za Marekani za uzazi wa majira, litie saini kwamba halitatoa mimba, halitamshauri mwanamke kuhusu jambo hilo kama njia ya uzazi wa majira, halitamwelekeza kwingine, wala halitaishawishi serikali ya nchi yake kulegeza sheria. Na halitafanya hayo kwa fedha yoyote: si dola tu, bali hata mchango wa wanachama wake wenyewe.

Hapo ndipo msomaji asimame afikiri. Kifungu cha Helms kilisema: fedha yangu usiitumie hivi. Sera ya Mexico ilisema: ukishika fedha yangu, fedha yako pia ni yangu, na mdomo wako pia. Ndiyo maana wapinzani wake waliiita kanuni ya kufunga midomo. Zaidi ya hayo mdomo ulifungwa upande mmoja tu. Shirika lililotaka sheria ya nchi yake ilegezwe lilinyimwa msaada; lililotaka sheria hiyo ikazwe liliendelea kupata. Serikali zenyewe hazikufungwa na sera ile ya 1984, ila zilitakiwa kuitenga fedha ya Marekani katika hesabu yake peke yake. Waliofungwa ni vyama vya wananchi.

Shirikisho la Kimataifa la Uzazi wa Majira, lenye makao London, lilikataa kutia saini na likapoteza karibu robo ya mapato yake. Chama chetu cha UMATI, kilichoanza mwaka 1959, ni mwanachama wa shirikisho hilo, kama vilivyo vyama vya namna hiyo katika nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo uamuzi uliotangazwa Mexico ulifika hata katika nchi ambazo kutoa mimba kulikuwa ni kosa la jinai na hakuna aliyekuwa akiomba fedha kwa kazi hiyo. Mwaka 1985 likaongezwa rungu jingine, kifungu cha wabunge Kemp na Kasten, lililotumika kulinyima fedha Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu kwa hoja ya siasa ya mtoto mmoja ya Uchina.

Tangu hapo historia yenyewe inakuwa kama bembea. Bill Clinton aliifuta kanuni tarehe 22 Januari 1993, siku mbili baada ya kuapishwa. George W. Bush akairudisha tarehe 22 Januari 2001, akiwa naye na siku mbili Ikulu. Barack Obama akaifuta tarehe 23 Januari 2009. Donald Trump akairudisha tarehe 23 Januari 2017. Joseph Biden, yule yule wa 1981, akaifuta tarehe 28 Januari 2021. Trump akairudisha tena tarehe 24 Januari 2025. Ukizitazama tarehe hizi utaona kwamba zinaizunguka kumbukumbu ya hukumu ya Roe. Kila chama kikiingia madarakani kilikuwa kinawalipa wafuasi wake zawadi ya kwanza, na zawadi hiyo ilitoka katika zahanati za watu wengine. Hukumu ya Roe ilitenguliwa Juni 2022, lakini bembea haikusimama.

Mara moja tu kanuni hii ilipata nguvu ya sheria ya Bunge. Mwaka 1999 Marekani ilikuwa inadaiwa malimbikizo makubwa ya michango yake katika Umoja wa Mataifa, hata ilikaribia kupoteza kura yake katika Baraza Kuu. Wabunge waliopinga utoaji mimba walikataa kuidhinisha malipo mpaka kanuni irudi. Clinton akakubali irudi kwa mwaka mmoja wa fedha, na badala yake yakaidhinishwa malipo ya dola milioni 926. Deni la tajiri kwa dunia lililipwa kwa rehani ya mdomo wa maskini. Sijui kama waliohesabu fedha zile waliiona hivyo. Sisi tunaiona hivyo.

Je, mahakama? Walijaribu. Shirika la wanasheria la New York lilimshtaki Rais Bush, na mwaka 2002 mahakama ya rufani ikaamua kwamba serikali ina uhuru wa kupendelea upande mmoja inapotoa fedha zake. Aliyeandika hukumu ni Jaji Sonia Sotomayor, ambaye baadaye aliteuliwa na Obama katika Mahakama ya Juu na hakuna anayemhesabu kuwa mtu wa mrengo wa kulia. Mwaka 2020, katika kesi ya sharti jingine la msaada, Mahakama ya Juu ilisema waziwazi kwamba mashirika ya kigeni yaliyo nje ya Marekani hayana haki chini ya katiba ya nchi hiyo. Kisheria pengine ni sawa. Ila maana yake ni kwamba uhuru wa kusema una mpaka, na sisi tuko ng'ambo ya mpaka huo.

Sasa twende upande wa pili wa kamba. Mwaka 2001 nchini Kenya, Chama cha Uzazi wa Mpango cha nchi hiyo pamoja na Marie Stopes Kenya walikataa kutia saini. Vituo kadhaa vikafungwa, baadhi yake katika mitaa ya maskini ya Nairobi. Vituo hivyo havikuwa vya kutoa mimba. Mama alikwenda pale kupima mtoto, kupata sindano, kupimwa saratani ya shingo ya kizazi, kuzungumza na muuguzi anayemjua kwa jina. Lesotho ilikuwa nchi ambayo ugonjwa wa UKIMWI ulikwisha wapata watu wazima kwa kiwango kikubwa kuliko karibu kila nchi duniani, na USAID ilikuwa imekipa chama cha uzazi wa majira cha huko mipira ya kondomu 426,000 katika miaka michache kabla ya 2001. Baada ya kanuni kurudi, chama hicho hakikupata hata mmoja kutoka huko. Bush baadaye aliuondoa msaada wa UKIMWI katika kanuni, mwaka 2003. Trump mwaka 2017 akaurudisha, pamoja na malaria, kifua kikuu na lishe ya watoto, na fedha zilizoguswa zikapanda kutoka dola kama milioni 600 hadi karibu bilioni 8.8.

Nepal ndiyo inayotufundisha zaidi. Huko wanawake walikuwa wakifungwa gerezani kwa kutoa mimba, wengine kwa mimba zilizoharibika zenyewe. Serikali ya Nepal iliamua kuibadili sheria, na ilihitaji ushauri wa chama cha uzazi wa majira kilichowajua wanawake wale. Chama kilikuwa na njia mbili: kunyamaza kipate dola, au kusema na kikose. Kikasema. Kikapoteza fedha na wafanyakazi, na sheria ikabadilishwa mwaka 2002. Vivyo hivyo Msumbiji, jirani zetu, walibadili kanuni yao ya adhabu mwaka 2014 kwa bunge lao wenyewe. Miaka 3 baadaye chama chao cha AMODEFA kilikataa kutia saini kikapoteza sehemu kubwa ya bajeti. Hapa nchi ilikwisha amua. Ila kulikuwa na bunge jingine juu ya bunge.

Na kifungu cha Helms chenyewe hakikuondoka wakati wowote katika bembea hiyo, maana ni sheria, si waraka wa Rais. Kwa maandishi yake kinazuia utoaji mimba "kama njia ya uzazi wa majira", na mtu mwenye akili atasema kwamba msichana aliyebakwa na wanajeshi hapangi uzazi. Lakini serikali zote za Marekani, za vyama vyote viwili, zilikisoma kama katazo kamili. Katika Kivu, ambako Kiswahili chetu ndicho kilio cha akina mama, msaada wa Marekani uliweza kulipia dawa ya kuzuia magonjwa kwa aliyebakwa, na nguo, na mshauri. Jambo lile moja haukuweza, ingawa Kongo iliiridhia Itifaki ya Maputo inayoliruhusu kwa waliobakwa na kuitangaza katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2018.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Tusiipite kama mtu anayekwepa dimbwi. Mlipa kodi wa Marekani anayeamini kwamba kutoa mimba ni kuua anasema: fedha ni jasho langu, nina haki isitumike kwa kitu ninachokichukia. Sisi tuliojifunza kuheshimu jasho hatuwezi kumcheka. Lakini hoja hiyo inamtetea Helms. Haitetei kanuni ya 1984, ambayo inashika fedha isiyokuwa yake. Halafu kuna swali la matokeo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichunguza nchi 26 za Afrika kusini ya Sahara kati ya 1995 na 2014. Walichapisha mwaka 2019 kwamba katika nchi zilizotegemea sana msaada wa Marekani, wakati wa kanuni matumizi ya dawa za kisasa za uzazi wa majira yalipungua kwa kiasi cha asilimia 14, na utoaji mimba ukaongezeka kwa kiasi cha asilimia 40 ukilinganisha na nchi zilizotegemea kidogo. Kwa hiyo huyo mlipa kodi mwenye dhamiri alipata kinyume cha alichotaka. Zahanati ilipofungwa mwanamke hakuacha kushika mimba; aliacha kupata kidonge.

Hapa hatuna budi tujikosoe. Tarehe ya Bush ni Januari 2001. Aprili ya mwaka ule ule wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi hazijafika hapo hadi leo. Kama ahadi ile ingetimizwa, bembea ya Washington ingekuwa habari ya magazeti tu, si habari ya zahanati. Mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi ilipotaka kutupangia uhusiano wetu na Wajerumani wa Mashariki kwa kutishia msaada wake, Mwalimu aliwaambia wachukue wote. Uamuzi ule tunausimulia kwa fahari kila mwaka. Lakini msaada ule ulikuwa wa wanajeshi wa maji na marubani. Ni rahisi zaidi kurudisha ndege kuliko kurudisha sindano ya mama, na hatukujenga bajeti ambayo ingetuwezesha kurudisha sindano. Azimio la Arusha lilitahadharisha juu ya fedha za kigeni mwaka 1967, miaka 6 kabla ya Helms. Tahadhari tuliisoma. Kasoro ilikuwa katika hesabu.

Wapo waliodhani kwamba dawa ni kubadili mfadhili. Mwaka 2017 Waziri Lilianne Ploumen wa Uholanzi alianzisha mfuko wa kuziba pengo la Wamarekani, na nchi kadhaa za Ulaya zikachangia. Ulisaidia, na waliosaidiwa walishukuru kwa haki. Ila huo nao ulitegemea nani anashinda uchaguzi The Hague, na mkulima wa Mtwara hana kura huko pia.

Mwaka 2025 kamba ilikatwa na aliyeishika. Kwanza kanuni ilirudishwa mwezi Januari, halafu miradi ya afya kwa maelfu ikasimamishwa bila kuuliza nani alitia saini na nani alikataa, na tarehe 1 Julai USAID ikakoma kuendesha misaada, mabaki ya kazi zake yakapelekwa Wizara ya Mambo ya Nje. Vyama vilivyokuwa vimefunga midomo miaka mingi ili visipoteze fedha vilizipoteza pamoja na vile vilivyosema. Helms alikwisha fariki tarehe 4 Julai 2008. Shirika lililokitekeleza kifungu chake kwa zaidi ya miaka 50 lilipovunjwa, kifungu hakikufutwa.